Chokaa Haisimulii

Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ni makumbusho tangu mwaka 1987. Tumelizuru, tukapendezwa na jinsi kuta zake zilivyotunzwa. Lakini mwaka ule ule, tarehe 2 Machi, utawala huo huo ulimnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake 18 huko Old Moshi, nao ukakiita kitendo hicho hukumu. Kukarabati majengo ni kazi njema. Ila chokaa haisimulii. Basi sisi wa Kirua tusiwapeleke watoto wetu kutazama kuta tu. Tuwafikishe pia Tsudunyi, penye mti ule wa kunyongea, wapate kutambua kwamba sheria isiyo na haki ni kamba tu mkononi mwa mwenye nguvu.