Mita Inasema Stima Iko Sawa? Mita Gani?

Wasee wa Nax, kuwa na stima na kuwa na stima safi ni vitu viwili tofauti.

Olkaria iko hapa hapa kaunti yetu, inazalisha umeme tangu 1981. Stima inatoka huko kama wimbi laini, mizunguko 50 kwa sekunde. Wanaolichafua ni sisi. Chaja, taa za LED, TV na kompyuta za cyber hazivuti stima polepole, zinainyakua wimbi likifika juu kabisa. Hapo ndipo zinazaliwa hamoniki, yaani mawimbi ya hezi 150, 250 na kuendelea, yanayodandia lile la hezi 50.

Uchafu huu una hesabu yake. Tuseme wimbi kuu la mkondo ni 100, la hezi 150 ni 30, la hezi 250 ni 40. Usijumlishe upate 70. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 900 na 1,600, jumla 2,500. Kipeuo chake ni 50. Uchafu ni asilimia 50, na waya unapata joto robo zaidi ya wimbi kuu likiwa peke yake.

Sasa ingia jengo la fezi tatu. Mzigo ukigawanywa sawa, mawimbi makuu yanafutana kwenye nyutro. Yale ya hezi 150 hayafutani, yanajumlishana: 30 mara tatu, 90! Waya ambao fundi alidhani hauna kazi unabeba karibu sawa na fezi. Hivyo ndivyo waya unaiva kimyakimya ndani ya ukuta.

Na mita je? Zile za bei ya chini zinapima wastani, kisha zinakisia kama vile wimbi ni laini. Mkondo ukiwa wa kunyakua hivi, zinasoma chini ya ukweli. Mita ya tokeni nayo inakuhesabia yuniti tu.

Maoni yangu: kila jengo la maduka hapa mjini lipimwe nyutro kwa mita iliyoandikwa True RMS, tena wapangaji wakiwa wamejaa na mashine zimewaka. Jengo tupu likipimwa siku ya kukabidhiwa funguo, halina uchafu wa kuonyesha.

Utasema mita hiyo ni ghali. Sawa, lakini mafundi watano wakichanga wananunua moja, na inapima majengo mengi. Landlord naye hawezi kusema ni ghali huku anakusanya rent ya ghorofa nne.

Kabla ulipe deposit ya duka, muulize: nyutro ilipimwa lini, na kwa mita gani?