Acha Juisi ya Ini, Angalia Fizi Zako Kwanza

Kila nikifungua simu nakutana na mtu anauza juisi ya kusafisha ini. Limau, tangawizi, manjano, kunywa kabla hujala. Komenti zimejaa "bei gani?" Lakini watu hao hao wakipiga mswaki asubuhi wakitema mate mekundu, wanasuza sinki wanaenda zao. Hiyo damu ingekuwa inatoka mkononi kila siku mngenyamaza kweli?

Mdomo tumeufanya mambo ya selfi tu: meno meupe, basi. Wakati ndiyo njia ya kuingilia tumbo! Kwa siku mtu mzima humeza mate kama lita moja hivi. Fizi zikiwa zimevimba, mate hayo yanashuka na bakteria wake. Asidi ya tumbo inaua wengi, si wote. Wanaopona wanafika utumboni, na damu ikitoka utumboni kituo chake cha kwanza ni ini.

2014 watafiti wa China walilinganisha choo cha wagonjwa wa ini lililosinyaa na cha watu wazima wa afya. Katika aina za bakteria zilizozidi kwa wagonjwa, zaidi ya nusu asili yake ni mdomoni. Haimaanishi fizi ndizo zilizoharibu ini, msije mkaninukuu vibaya. Ini likiwa bovu pia, nyongo inapungua na wageni wanapata nafasi ya kukaa. Lakini wageni wenyewe wametoka wapi? Juu, mdomoni.

Sasa njoo Amu. 2024 Pwani nzima tulizozana kuhusu muguka, Mombasa ikapiga marufuku, korti ikasimamisha. Tukabishana kodi, akili, kazi. Mdomo mimi sikuusikia ukitajwa. Na kijana anakaa Mkunguni masaa na majani shavuni, bigijii na soda juu yake, yani sukari inalala pale pale kwenye ufizi hadi usiku, kisha analala bila hata kusukutua.

Na si watafunaji peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta zaidi ya Wakenya wazima 9 kati ya 10 wana fizi zinazotoka damu. Ndiyo maana tunaona ni kawaida, kwa sababu kila mtu anayo.

Mswaki wa mti wa bibi zetu si ushamba, hata Shirika la Afya Duniani liliukubali tangu miaka ya 1980. Utumie, au wa dukani, sawa tu, lakini usiku pia, na ufike pale jino linapokutana na ufizi. Damu ikionekana usiache kupiga hapo, pole pole endelea. Ikipita wiki mbili haijakoma, huenda hapo pana ugaga, na ugaga ukishakuwa mgumu mswaki hauutoi. Unakwanguliwa na daktari wa meno.

Hapa ndipo nina hasira. Mtu wa Faza au Kiwayu apande boti mpaka Amu kwa ajili ya ugaga? Haendi. Atangoja jino litikisike, aende king'olewe kimoja, arudi. Kaunti, kama chanjo za watoto zinafika Kiwayu kwa boti, mtu wa kukwangua ugaga naye anatosha kwenye boti hiyo hiyo.