Mwanafunzi wa ngumbaru si mtoto

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, wamo watu wazima ambao wameamua kujifunza Kiingereza tangu salamu za kwanza. Ni akina mama wauzao mboga, mabawabu, mafundi na wasukuma mikokoteni. Hukutana alasiri au jioni, shughuli zikiisha, katika kumbi za kijamii, makanisani na katika madarasa ya shule za msingi ambayo watoto wamekwisha kuyaacha. Masomo hayo huitwa ngumbaru, na wapo wanaolitamka neno hilo kwa dhihaka.

Dhihaka hiyo ni aibu kwa anayeitoa. Hata hivyo, linaloturudisha nyuma zaidi ni jinsi tunavyowafundisha watu hawa.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu mzima ahangaike na Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Swali hilo ni rahisi kwa aliye na Kiingereza chake tayari. Mkataba wa nyumba anaopewa mkaazi wa Umoja aghalabu huwa kwa Kiingereza. Kadhalika maelezo yaliyo kwenye chupa ya dawa ya mtoto, na barua itokayo shuleni. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ingawa inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, inasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Sisi tunaokitetea Kiswahili tuendelee kudai nyaraka hizo ziandikwe kwa lugha ya wananchi, lakini hatuna haki ya kumwambia mama huyo angoje. Kodi ya nyumba haingoji.

Sasa na tutazame darasani. Mara nyingi mwalimu huanza kwa wimbo wa alfabeti na picha za paka na mpira, kana kwamba aliye mbele yake ana umri wa miaka sita. Mtu ambaye amepiga hesabu za faida na hasara sokoni Gikomba kwa miaka ishirini hakuja na kichwa kitupu. Hata Kiingereza anacho, ila hajaonyeshwa kwamba anacho. Shati, soksi, blanketi, kabati, tikiti, benki: maneno haya yote yalitoka huko. Mwalimu akiandika ubaoni neno risiti, kisha kando yake aandike receipt, amefundisha mambo mawili kwa mpigo. Mwanafunzi amekutana na neno alilolizoea, na ameona kwamba Kiingereza huandika herufi zisizotamkwa, jambo ambalo Kiswahili hakimtesi nalo.

Ama tuchukue kosa linalochekwa kuliko yote, la mtu kusema he akimzungumzia mkewe. Kosa hilo si ujinga. Kiswahili husema "anapika" kwa mume na kwa mke. Kiambishi a- hakibagui. Mwalimu akilieleza jambo hili kwa Kiswahili dakika tano, darasa zima litaelewa. Akilieleza kwa Kiingereza kitupu, atasema mwaka mzima. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na walimu wanaopiga marufuku Kiswahili darasani. Shule za kikoloni ziliwaadhibu watoto kwa kuzungumza lugha zao, na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alituelezea uchungu wa adhabu hizo. Hatuna sababu ya kuurithi mtindo huo, sembuse kuwatwika wazee.

Jirani zetu wa Tanzania walipofanya kampeni ya kufuta ujinga, iliyofikia kilele miaka ya 1971 hadi 1975, waliandika vitabu vya kusomea kuhusu pamba, uvuvi na ufugaji. Idadi ya wasiojua kusoma ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Walifundisha Kiswahili, naam, lakini kanuni ni ile ile: aliyechoka husomea lile linalomgusa.

Hapa Kenya idara ya elimu ya watu wazima iliundwa mwaka 1979. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, na wengi wa wafunzi wa ngumbaru tangu hapo wamekuwa wanawake. Tulimshangilia mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Tulisahau kuuliza mbona ilimbidi akae kwenye dawati la mtoto.

Walimu wa jioni, ambao wengi wao hulipwa kidogo au hujitolea, wanahitaji kitabu kilichotungwa kwa ajili ya mitaa hii: somo la mkataba wa nyumba, somo la kipimo cha dawa, somo la barua ya mwalimu mkuu. Nanyi wanafunzi wa sekondari, mama akikuuliza neno, mjibuni bila kicheko.

Darasa la jioni huchukua muda mfupi. Nusu yake ikipotelea katika wimbo wa alfabeti, aliyekuja na notisi ya mwenye nyumba mkobani ataondoka nayo kabla ya kuisoma.