Almasi za Free Fire: tunanunua au tunacheza kamari?

Vijana wenzetu wa Kisenyi, Katwe na Nsambya, hili ni letu. Na nyie msio Waislamu pia, maana hili linatuhusu sote.

Ukiuliza kama gemu za simu ni halali, wazee wengine wanajibu neno moja tu: haramu. Sisi tunaona jibu hilo ni fupi mno. Kijana asiyepewa sababu ataendelea kucheza, ila kwa kujificha.

Basi tutenganishe mambo. Kucheza bila kuacha swala, shule wala kazi ni mchezo kama michezo mingine. Kununua nguo ya mchezaji wako kwa bei inayojulikana, ukiona kabisa unachopata, wako wanazuoni wanaoruhusu. Lakini kulipa almasi uzungushe gurudumu, hujui utatoka na nini, hiyo ni habari nyingine. Hapo ndipo penye gharari, yaani biashara ya kubahatisha, ambayo Mtume (s.a.w.) aliikataza. Kamari nayo imekatazwa pamoja na ulevi katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90. Hata Ubelgiji, ambako hawahukumu kwa sharia, mwaka 2018 tume ya kamari ilisema masanduku ya bahati ya kulipia kwenye gemu ni kamari.

Na akaunti zinazouzwa mtaani je? Masharti ya gemu nyingi yanasema akaunti si mali yako, umepewa ruhusa ya kuitumia tu. Muuzaji anaweza kuirudisha kesho kwa imeili yake ya zamani, na pesa yako imeenda. Dini inatukataza kuuza tusichokimiliki.

Kubwa zaidi: pesa ni ya nani? Hapa Kampala hatupati mgao wa chakula. Pesa iliyo kwenye mobile money ya mama ni kodi ya nyumba na posho. Ukiikata kimya kimya ununue almasi, hata za bei wazi, umevunja amana.

Kwenu mnaofanya kazi na mashirika: msituletee semina ya kutuogopesha tu. Tufundisheni kufunga malipo kwa namba ya siri, na mkae na masheikh wetu na sisi meza moja.

Tucheze, jamani. Ila kabla ya kubonyeza "nunua", tujiulize: najua ninachopata, na hii pesa ni yangu?