Saba Saba: Siku Moja, Kumbukumbu Mbili

Wahenga walitahadharisha: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Nasaha hii inawafaa wapenzi wa Kiswahili kila mwezi wa Julai unapowadia. Tangu Novemba 2021, UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, lugha hii imekikalia kiti cha unahodha. Vyuoni, kumbi hupambwa, mashairi hughaniwa na hotuba za kukitukuza Kiswahili hutolewa hadi jioni. Jambo ambalo aghalabu halitajwi katika kumbi hizo za Kenya ni kwamba tarehe iyo hiyo ina makaburi yake.

Jina la siku yenyewe linastahili kuangaliwa kwanza. Kisarufi, takriri ya nambari katika Kiswahili huleta maana ya mgao: wanafunzi wakiambiwa waketi saba saba, kila kundi huwa na watu saba. Katika jina Saba Saba, hata hivyo, takriri imepewa kazi nyingine. Saba ya kwanza ni siku, ya pili ni mwezi, na tarehe nzima imetajwa bila neno “siku” wala “mwezi”. Watanzania wameunda Nane Nane kwa kanuni iyo hiyo. Lakini Saba Saba ni jina linalotumika pande mbili za mpaka, na kila upande ukilisikia hukumbuka jambo lake.

Nchini Tanzania, Saba Saba ni siku ya kuzaliwa kwa TANU. Tarehe 7 Julai 1954, jijini Dar es Salaam, chama cha TAA kilichokuwapo tangu 1929 kiligeuzwa kuwa chama cha kisiasa, na Julius Nyerere, wakati huo mwalimu wa shule huko Pugu, akawa rais wake. Chama hicho kilikwenda kwa wananchi kwa Kiswahili. Katika nchi yenye makabila zaidi ya mia moja, mkutano wa hadhara uliweza kuhutubiwa kwa lugha moja, na ujumbe ukafika mashambani bila mkalimani. Uhuru ulipatikana Desemba 1961. Leo, Saba Saba ni sikukuu ya umma na ni kilele cha maonyesho makubwa ya biashara jijini Dar es Salaam. Kuzaliwa kwa TANU ndiko kulikoipa UNESCO tarehe ya Kiswahili.

Nchini Kenya, Saba Saba ni jina la huzuni na la ushujaa. KANU ilifanywa chama pekee kisheria mwaka 1982 kupitia kifungu cha 2A cha Katiba. Mnamo Mei 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliopata kuwa mawaziri, walidai hadharani mfumo wa vyama vingi urejeshwe, kisha wakatangaza mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Serikali iliupiga marufuku mkutano huo na kuwatia wawili hao kizuizini siku chache kabla ya tarehe yenyewe. Umati ulifika hata hivyo. Polisi waliutawanya kwa nguvu, na ghasia zikaenea mitaani na katika miji mingine kwa siku kadhaa. Watu wasiopungua 20 waliuawa na mamia wakatiwa mbaroni. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992.

Hapa ndipo kinaya cha tarehe hii kinapojitokeza. Upande mmoja wa mpaka, Saba Saba huadhimisha kuzaliwa kwa chama ambacho, kuanzia 1965, kilikuwa chama pekee cha kisheria Tanzania Bara. Upande wa pili, huwakumbuka waliouawa wakikipinga chama pekee. Mwenye pupa ataona hapa ugomvi wa majirani wawili. Atakayetulia ataona jambo jingine. Waliokusanyika 1954 na waliokusanyika 1990 walidai haki ile ile, yaani haki ya raia kukutana, kusema na kusikilizwa. Isitoshe, mwaka uo huo wa 1990 Nyerere mwenyewe aliwahimiza Watanzania waujadili mfumo wa vyama vingi bila hofu. Kumbukumbu hizo mbili, kwa hiyo, zaweza kuketi mkeka mmoja.

Kuna watakaosema kwamba ufanano wa tarehe ni sadfa tupu. Hoja yao ina uzito. Mwaka una siku 365 na matukio ya dunia hayahesabiki. Tarehe 7 Julai 1978 Visiwa vya Solomon vilipata uhuru. Tarehe 7 Julai 1985 Boris Becker, kijana wa miaka 17, alitwaa ubingwa wa tenisi wa Wimbledon. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yaliwaua watu 52 mjini London. Hakuna uzi unaoyaunganisha matukio hayo na Kamukunji, na anayeutafuta anapiga ramli.

Hata hivyo, si kila ufanano ni sadfa. Kuna tarehe zinazochaguliwa. Wanaharakati wa Kenya walipodai mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi wa 1997, waliitisha mikutano tarehe 7 Julai kwa makusudi, na polisi wakawafuata waandamanaji hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, na kuwapiga humo. Tarehe 7 Julai 2025, vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1990 waliandamana kuikumbuka siku iyo hiyo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliripoti vifo vya zaidi ya watu 30. Na hiyo ilikuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba sherehe ya lugha isichanganywe na siasa. Rai hiyo haina mashiko. Tarehe iliyochaguliwa na UNESCO ni tarehe ya chama cha siasa, na sifa ambayo Kiswahili husifiwa kwayo siku hiyo ni kuwaunganisha watu waliodai uhuru. Kuisimulia 1954 na kuinyamazia 1990 ni kuchagua siasa ya mbali isiyomuudhi yeyote wa karibu. Aidha, lugha yenyewe haikunyamaza. Katika vyuo vikuu vya Kenya, “kamukunji” ni mkutano wa wanafunzi wa kujadili mambo yanayowahusu. Mwanafunzi anayelitamka neno hilo kila muhula bila kuujua uwanja wa Kamukunji ana neno mkononi, lakini historia yake imemponyoka.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi iliyo wazi. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1990 amekwisha kuvuka 50. Matiba alifariki 2018 na Rubia 2019. Mashahidi wa kawaida nao wanapungua: wachuuzi, makondakta, wanafunzi na akina mama waliokuwa mitaani siku zile. Masimulizi yao yakusanywe kwa Kiswahili chao, msamiati wa enzi hiyo uhifadhiwe, na sehemu ya sherehe za 7 Julai itengwe kwa ajili ya kuyasoma. Kazi hiyo ni ya fasihi simulizi na isimujamii, taaluma ambazo wanafunzi hao husomea na kutahiniwa. Mashairi ya kukisifu Kiswahili yataendelea kughaniwa, na hayatapungukiwa na kitu yakitanguliwa na dakika moja ya kimya.

Takriri ya Saba Saba, basi, inaweza kurudishiwa maana yake ya kwanza, ile ya mgao. Tanzania ina saba yake na Kenya ina saba yake. Kiswahili, kilichoyapa majina maadhimisho yote mawili, hakina ruhusa ya kukumbuka moja na kusahau la pili.