Leseni Itangulie Tiketi ya Ndege

Mkataba wa ajira za nje ukitangazwa, jambo la kwanza kuulizwa mitaani ni idadi ya nafasi. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 13, 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz waliposhuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya wafanyakazi mjini Berlin. Papo hapo habari zikaenea kwamba Ujerumani itachukua Wakenya 250,000, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ikalazimika kukanusha hadharani, kwa kuwa makubaliano yenyewe hayana idadi yoyote. Kelele zile ziliifunika habari ndogo yenye mafunzo zaidi: mwaka huohuo madereva 5 wa mabasi kutoka Kenya walikuwa wamepokewa Flensburg, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, kwa mpango wa majaribio. Watano tu. Dereva si mtu wa kushushwa uwanja wa ndege jioni akakabidhiwa usukani asubuhi. Hoja yangu ni kwamba anayemwajiri dereva wa kigeni ndiye anayepaswa kugharimia njia yote, kuanzia ada ya wakala hadi leseni mpya ikiwa mkononi, na serikali zetu zisimruhusu dereva kupanda ndege kabla jambo hilo halijaandikwa kwenye mkataba wake.

Uhitaji wenyewe ni wa kweli. Japani iliweka sheria iliyoanza Aprili 1, 2024, kwamba saa za ziada za dereva zisizidi 960 kwa mwaka. Ni sheria ya utu, lakini mizigo haikupungua kwa sababu saa zimepungua, na siku chache kabla yake baraza la mawaziri lilikuwa limefungua viza ya ujuzi maalumu kwa madereva wa malori, mabasi na teksi, hadi watu 24,500 kwa miaka mitano. Uingereza mwaka 2021 wasafirishaji walisema wamepungukiwa na madereva wa malori zaidi ya 100,000, vituo vya mafuta vikakauka Septemba, na serikali ikatangaza viza 5,000 ambazo mwanzoni zilikuwa zikome mkesha wa Krismasi. Waliozitaka walikuwa wachache mno. Barani Ulaya kwa jumla nafasi zilizo wazi za madereva wa malori zimehesabiwa kuwa zaidi ya 400,000. Juu ya hayo kuna ununuzi wa mtandaoni, uliopanda sana tangu korona, ambao kila oda yake humalizikia mikononi mwa dereva wa vani anayepanda ngazi na kifurushi.

Kwa maelezo ya wakala, vani ni kazi nyepesi kuliko lori. Ni kweli kwamba Ulaya gari la mizigo lisilozidi tani 3.5 huendeshwa kwa leseni ya daraja B, ileile ya gari la nyumbani. Kwa hiyo kazi hii hunadiwa kama ya mtu yeyote ajuaye kushika usukani, sawa na kuendesha kirikuu Kariakoo. Kisichosemwa ni kwamba leseni ya Nairobi au ya Dar es Salaam haihami na mwenyewe. Ujerumani huitambua kwa miezi 6 tangu mtu aanze kuishi huko. Baada ya hapo lazima afanye mtihani wa nadharia na wa barabarani. Wa nadharia hutolewa kwa lugha kadhaa za kigeni, zikiwamo Kiingereza, Kiarabu na Kituruki, lakini si Kiswahili. Wa barabarani ni kwa Kijerumani. Dubai nayo hubadilisha leseni za nchi zilizomo kwenye orodha yake, na Kenya na Tanzania hazimo, hivyo dereva mwenye miaka 10 barabarani hurudishwa kwenye mtihani kama kijana aliyemaliza shule juzi. Si kwamba hana ustadi. Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali hufika mpakani Rusumo, akavuka mto, akahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, na safari ikaendelea. Kinachomkwamisha ng'ambo ni karatasi.

Kati ya siku ya kutua na siku ya kupata karatasi hiyo kuna wiki, pengine miezi. Dereva anakula, analala, shule ya udereva inadai ada, na mshahara alioahidiwa haujaanza. Deni jipya linazaliwa juu ya lile aliloondoka nalo nyumbani, la kikoba au la shamba lililowekwa rehani. Tufanye hesabu kwa Qatar, ambako kima cha chini cha mshahara tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa. Tuseme dereva amekopa kiasi cha riyali 6,000 ili aajiriwe. Anadaiwa mshahara wa nusu mwaka kabla hajawasha gari. Mtu huyo hathubutu kusema breki ni mbovu, hathubutu kukataa zamu ya pili, na akitukanwa hunyamaza, maana kule nyumbani kuna watu wanaosubiri kurudishiwa fedha zao.

Sheria si kwamba hazipo. Ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unamzuia wakala binafsi kumtoza ada mtafuta kazi. Gharama ya leseni hupenya hapo katikati kwa jina la mkopo unaokatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, na kwa kuwa leseni huandikwa jina la dereva, wengi huona ni haki ailipie. Mimi sioni hivyo. Asingekuwa na haja nayo kama asingeitwa kazini, na siku akirudi Mbeya au Kakamega haitamwongezea chochote. Anayeifaidi ni mwenye gari, tena kila siku.

Yapo yaliyotokea ambayo tunapaswa kuyapima kwa makini. Majira ya kuchipua ya 2023, madereva zaidi ya 60 wa malori, wengi wao kutoka Georgia na Uzbekistan, walioajiriwa na kampuni ya Poland, waliegesha magari yao Gräfenhausen, Ujerumani, wakagoma kwa wiki kadhaa wakidai mishahara. Walilipwa takriban euro 300,000. Walishinda kwa sababu walikuwa wengi mahali pamoja na mizigo ya watu wazito ilikuwa mikononi mwao. Dereva wa vani hana nguvu hiyo. Hufanya kazi peke yake, vifurushi vyake vya siku moja vikikwama hakuna kiwanda kitakachosimama, na mara nyingi jina lililochorwa ubavuni mwa gari silo la mwajiri wake, kwani kampuni kubwa humkabidhi kazi mkandarasi mdogo, naye humpa mwingine. Ujerumani yenyewe iliona pengo hilo ikatunga sheria mwaka 2019 inayoifanya kampuni kubwa ya vifurushi iwajibike kwa michango ya hifadhi ya jamii ambayo mkandarasi wake hakulipa. Kama Wajerumani wamehitaji ulinzi huo nyumbani kwao, kijana wa Morogoro asiyejua Kijerumani anauhitaji mara mbili. Mkataba unaotiwa saini na wakala peke yake, bila jina la mwenye mizigo, haumlindi.

Mfano wa kufuata upo, tena Japani. Dereva wa lori aliyefaulu mtihani wa ujuzi na wa lugha huingia kwa hadhi ya muda ya hadi miezi 6, akiwa tayari na mwajiri, ili abadilishe leseni huku akifanya kazi nyingine za karakana kama kuosha magari. Yaani kipindi kile cha hatari kimetambuliwa na sheria, na ndani yake mtu ana mshahara. Hilo ndilo la kudai katika kila makubaliano, iwe na Berlin, Doha au Riyadh: leseni itambuliwe, au mtihani wa nadharia ufanyikie hapa kabla ya safari, au mwajiri alipe mshahara na ada hadi leseni ipatikane. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo na vyuo vya VETA vina walimu wa udereva. Hata mazoezi ya upande wa kulia hayahitaji kwenda mbali. Rwanda na Burundi huendesha kulia na zimo ndani ya Jumuiya yetu.

Wapo watakaosema tukiweka masharti hayo waajiri watahamia kwa Wanepali na Wauzbeki. Hofu hiyo ina uzito, lakini bahari inaijibu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ili apate kazi. Ufilipino nayo hufuata katazo hilo, na bado meli za dunia zimejaa Wafilipino. Mwenye meli hulipa kwa sababu anamhitaji baharia mwenye vyeti vinavyoaminika. Mwenye vani atalipa kwa sababu hiyohiyo, mradi tumpelekee dereva ambaye karatasi zake hazina shaka.

Pingamizi zito zaidi ni la uhuru: kijana asiye na kazi, mwenye akili timamu, aliyeamua kukopa ili ajaribu bahati yake, serikali inamzuia kwa haki gani? Fedha zinazotumwa na Wakenya walio nje zilipita dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na nyuma yake kuna nyumba zilizojengwa na watoto waliosomeshwa. Siwezi kumkemea anayetaka kwenda. Lakini ninachopendekeza hakimfungii mlango yeye; kinamfungia anayetaka kumtoza. Uhuru wa kuchagua unahitaji kujua unachochagua, na hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Kuna matangazo ya kazi ya udereva wa vani Uingereza yenye ahadi ya viza. Kazi hiyo haimo miongoni mwa zinazostahili viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na tangu Julai 22, 2025 viza hiyo kwa kawaida hudai kazi ya kiwango cha shahada. Anayekuuzia nafasi hiyo anakuuzia hewa, hata kama ana ofisi, mhuri na risiti.

Ewe dereva unayesoma haya, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie wakala akuonyeshe kwa maandishi nani atalipia leseni yako kule na utalipwa nini ukiwa bado huna. Asipokuwa na jibu, ondoka na fedha zako. Na waziri atakayepanda ndege kwenda kutia saini makubaliano yajayo ya ajira, tunamwomba aandamane na mkuu wa mamlaka inayotoa leseni za udereva.