Soko Hujengwa: Ubepari Kama Unavyoonekana Kasumulu

Katika vyuo vyetu mjadala kuhusu ubepari hufuata njia mbili ambazo zimekwisha kuchakaa. Wapo wanaousifu kwa kuonyesha maduka yaliyojaa, simu mkononi na pikipiki mlangoni. Wapo pia wanaoulaani kuwa chanzo cha kila dhiki, kuanzia bei ya sukari hadi kuporomoka kwa ndoa. Pande zote mbili huuzungumzia kama watu wanavyozungumzia mvua: inakuja, inanyesha, haina wa kuulizwa. Mimi naona tofauti. Soko ni kitu kinachojengwa na watu kwa sheria, kwa mazoea na kwa nguvu, na kwa hiyo sifa zake na lawama zake zina wenyewe. Ushahidi wa hoja hii nitauchukua Kyela, hasa Kasumulu, mpakani mwa Tanzania na Malawi, mahali ambapo soko halifichi sura yake.

Tuanze na neno lenyewe. Bepari ni neno lililotufikia kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwao lilimaanisha mchuuzi tu, mtu anunuaye na kuuza. Siasa ndiyo iliyolipa makali ya baadaye. Kwa maana ile ya awali, mama anayevusha ndizi Daraja la Songwe ni bepari. Kwa maana ya pili hata kidogo hawi, kwa sababu hamiliki kitu kinachomwezesha kuishi kwa jasho la mwingine. Tofauti hii ni muhimu. Kufanya biashara ni jambo la kale kuliko ubepari, na anayeutetea ubepari kwa kumsifu mama muuza ndizi anamtumia mama huyo kama ngao.

Ubepari wenyewe haukufika Unyakyusa jana. Wakati wa ukoloni kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha haikuota migombani. Vijana wakaenda kuchimba dhahabu Lupa, huko Chunya. Wengine wakavuka mpaka kuelekea migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini. Soko hilo la kazi halikuzuka lenyewe. Lilitengenezwa na serikali iliyoweka kodi, kisha ikawaachia wenye migodi kuvuna matokeo. Karl Polanyi, katika kitabu chake cha mwaka 1944, alionyesha kuwa Ulaya nako soko huria lilisimikwa kwa mkono wa dola. Wazee wetu walilijua hilo miguuni mwao.

Hata hivyo, haki ni haki. Mwaka 1976 Serikali yetu ilianzisha Operesheni Maduka, iliyolenga kuweka duka la kijiji mahali pa duka la mtu binafsi. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na mkulima akabaki kuuza mazao yake kwa mamlaka za umma zilizomlipa kwa kuchelewa, au kwa bei ndogo. Ukame, bei ya mafuta na vita vya Kagera viliongeza uzito wa mzigo, lakini havikuubuni peke yao. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni, sukari na vitambaa vilikuwa vitu vya foleni na vya kujuana. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ukaja msako wa wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata Serikali ikaanza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mwaka 1986, Rais Mwinyi akiwa madarakani, tukatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa zikarudi madukani. Aliyesimama foleni ya sabuni hahitaji kuhubiriwa faida ya ushindani, na mwanafunzi anayeubeza ushindani huo angefanya vyema kumuuliza bibi yake.

Hiyo ni sifa ya kweli ya soko: linapofanya kazi, linamwondolea mnyonge ulazima wa kumjua mkubwa ili apate chumvi. Sifa ya pili inaonekana kwenye kakao. Kyela ndiyo wilaya inayoongoza nchini kwa zao hilo. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda kwa namna ambayo haijawahi kuonekana, na mwezi Desemba ikavuka dola 12,000 kwa tani. Nyumba nyingi zilipata bati jipya, na ada za shule zililipwa kwa wakati. Hakuna mpango wa maendeleo uliowahi kuingiza fedha mikononi mwa wakulima wadogo wa Kyela kwa kasi ile.

Lakini tuulize: kwa nini bei ilipanda? Mkulima wa Kyela hakuwa ameongeza bidii. Kodivaa na Ghana, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia, zilikumbwa na hali mbaya ya hewa na magonjwa ya mikakao. Mkulima wetu alilipwa kwa msiba wa mwenzake wa Afrika Magharibi. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya nusu ya kilele chake, na hapo pia mkulima wa Kyela hakuwa amepunguza bidii. Bei hubeba habari, wala haitoi hukumu juu ya thamani ya kazi ya mtu. Wanaotuambia kwamba soko humlipa kila mtu stahili yake waje watuelezee mwaka 2024 na mwaka uliofuata kwa kanuni moja.

Angalia pia jinsi mkulima huyo alivyoifikia bei. Aliyeuza kakao mbichi kwa mchuuzi, au aliyekwisha kuuza mavuno yangali mtini kwa sababu mtoto aliugua mwezi wa njaa, hakuiona bei ya dunia hata kwa dirisha. Biashara ya namna hii imeenea nchini; kule Kagera kwenye kahawa huitwa butura. Aliyekusanya kakao yake ghalani pamoja na wenzake kupitia chama cha msingi na kuiuza mnadani, huyo aliiona bei kwa karibu zaidi. Mfumo wa stakabadhi ghalani una kasoro zake: makato mengi, malipo yanayochelewa, viongozi wa ushirika wasiosomewa hesabu zao. Pamoja na hayo, unatufundisha jambo kubwa. Soko lilimnufaisha mkulima pale lilipowekewa ghala, mizani, kanuni na umoja. Pale lilipoachwa huria, uhuru ulikuwa wa mwenye fedha taslimu.

Mchele una somo lake. Jina la Kyela linauza mchele kuliko tangazo lolote. Katika masoko ya Dar es Salaam utauziwa "Kyela" ambayo haijawahi kuliona Ziwa Nyasa. Sifa hiyo ilijengwa na wakulima kwa vizazi, lakini faida yake huchukuliwa na yeyote mwenye gunia na kalamu ya wino mzito. Katika utamaduni wa ulaji wa leo jina ni mali, pengine kubwa kuliko bidhaa yenyewe. Kampuni kubwa za dunia hulinda majina yao mahakamani usiku na mchana. Mkulima wa mpunga wa Kyela hana wakili.

Kisha tukafika Aprili 2025. Malawi, iliyobanwa na uhaba wa fedha za kigeni, ilikuwa imezuia uingizaji wa mazao na bidhaa kadhaa za Tanzania, ukiwamo mchele, unga, tangawizi na ndizi. Tarehe 23 Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, na siku chache baadaye ikalegeza ili kupisha mazungumzo. Nchi zote tatu ni wanachama wa SADC, jumuiya iliyotangaza eneo huru la biashara mwaka 2008. Sibezi haki ya Serikali kujibu inapoonewa. Ninachosema ni kwamba mawaziri walipokuwa wakipimana nguvu, gharama ilimwangukia mwenye mtaji mdogo. Kampuni kubwa inaweza kusubiri. Ndizi haisubiri, na aliyezinunua kwa mkopo hasubiriwi na mkopeshaji.

Hapa ndipo tunapogusa ulaji wenyewe. Lugha yetu imelipa neno hili maana mbili: kutumia, na kufaidi cheo. Sioni kuwa ni bahati. Thorstein Veblen aliandika mwaka 1899 juu ya watu wanaonunua ili waonekane, na angetuelewa haraka. Lakini sikubaliani na wanaomsuta mkulima kwa kununua televisheni mwaka wa bei nzuri. Bati, godoro, simu na sare ya shule ni heshima ya mtu, na aliyezaliwa navyo hana ruhusa ya kuviita anasa.

Tatizo langu liko kwingine. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya Wanyakyusa, alieleza uzito wa ukwangala: kukaa pamoja, kula pamoja, kuzungumza na wenzio. Ng'ombe na chakula vilimpa mtu sifa vilipowalisha wengine. Tusiipambe jamii ile; wazee walishika mali na vijana na wanawake wakafanya kazi. Lakini sifa ilipitia kwenye kugawa. Leo inapitia kwenye kumiliki, na anayekosa cha kumiliki hukopa ili aonekane anacho. Ndiyo maana mikopo tunayoiita kausha damu haijakauka licha ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Watumishi wa umma mnaosoma makala hii mnawafahamu walimu walioacha kadi zao za benki kwa wakopeshaji, ambao siku ya mshahara huenda kwenye mashine wao wenyewe. Huyo anaitwa mteja, naye anatumikishwa.

Basi tufanye nini? Kurudi kwenye foleni za sabuni si jibu. Napendekeza tuanze na mambo matatu. Kwanza, ushirika usomewe hesabu hadharani kila msimu, na mkulima alipwe kwa siku zilizotajwa kisheria; bila hivyo mchuuzi wa kakao mbichi ataendelea kushinda. Pili, majina ya mazao yenye sifa, mchele wa Kyela ukiwa wa kwanza, yapewe ulinzi wa kisheria unaomilikiwa na wakulima wenyewe. Tatu, kila uamuzi wa kufunga mpaka uambatane na muda wa tahadhari na fidia kwa wenye mitaji midogo. Juu ya haya, tukubaliane kuna vitu visivyoachiwa mwenye fedha nyingi peke yake. Dar es Salaam ililijaribu hilo kwa maji, kupitia mkataba wa City Water ulioanza mwaka 2003, na mwaka 2005 Serikali ikauvunja.

Wanafunzi wangu huniuliza kama mimi ni mjamaa au bepari. Swali linalonishughulisha zaidi ni nani aliyekaa mezani kanuni za soko zilipoandikwa, na kwa nini mkulima wa Kyela na mama wa Daraja la Songwe hawakuwapo. Mwanaharakati, mwanafunzi na mtumishi wa umma, kila mmoja ana mahali anapoweza kuwafungulia mlango wa chumba hicho. Aanzie hapo.